Mwiko wa Bati

Jumatatu, 7 Julai

Mashine imemaliza na haikupata kitu. Kauli ya Mwamini, binti yangu, kwa simu kutoka Kinshasa, asubuhi, mtandao ukiwa mbaya. "Yote yameanguka, Mama."

Nilikuwa redioni napanga komunike za mchana, matangazo ya watu. Niliandika maneno yake pembeni, kisha nikaingia studio. Vifo vinne, harusi moja, mbuzi aliyepotea Mikelenge.

Mkurugenzi anataka habari ya Mwamini kwa kipindi cha Ijumaa. Mtoto wa Kindu na kazi ya jua. Nimekubali. Nitamhoji kama ninavyomhoji mtu yeyote.

Anachofanya, kwa maneno ya redio. Shaba hupitisha umeme. Ubao huuzuia. Kuna vitu vilivyo katikati: vikipigwa na jua hutoa umeme, vikipewa umeme hutoa mwanga. Ndivyo vilivyomo ndani ya bamba la jua na ndani ya taa ndogo za tochi. Vilivyopo vingi ni ghali, au vina sumu, au vinaharibika kwenye unyevu kama wa kwetu. Anatafuta vipya. Havipiki kwanza maabarani. Anaiachia kompyuta ibuni fuwele, ibadilishe elementi moja, ikadirie fuwele hiyo itapokea mwanga wa rangi gani na itavumilia joto kiasi gani. Mbaya hutupwa. Zenye nafuu huchanganywa, zizae nyingine. Hivyo hivyo, maelfu kwa maelfu, mchana na usiku.

Kompyuta yenyewe iko ng'ambo. Kikundi chake cha chuo kikuu kimepewa muda hadi mwisho wa mwezi huu. Isipopatikana hata fuwele moja ya kupelekwa maabara, mradi unafungwa. Yeye atarudi kufundisha hesabu sekondari. Aliyasema hayo bila kutetemeka. Amenirithi.

Jumatano, 9 Julai

Nimemhoji. Kinasa sauti mezani, simu kwenye kipaza. Alijibu vizuri, sentensi fupi.

Nilimuuliza kama kuna vitu walivyoikataza mashine kuvitumia. Alisema vipo. Ndani ya programu ameviita miko. Risasi, kadimi, zebaki, aseniki: sumu. Dhahabu: bei. Bati.

Nilisubiri sababu ya bati. Hakuitoa.

"Bati lina sumu?"

"Si kama risasi."

"Ni ghali?"

"Hapana."

"Basi limekatazwa kwa nini?"

Nilidhani mtandao umekatika.

"Mama, unaniuliza wewe?"

Nikazima kinasa.

Alhamisi, 10 Julai

Ukweli ulivyo, kwa mpangilio.

Mume wangu, Amisi, alikuwa mtu wa reli. Vita vilipofika treni ikasimama, mishahara ikasimama. Watu wa gare, stesheni ya treni, waliingia msituni mmoja mmoja kuchimba kasiterite, jiwe linalotoa bati. Amisi alikwenda machimbo ya njia ya Lubutu. Alisema atarudi kabla ya mvua. Mvua zilikuja.

Baadaye alirudi mchimbaji mwenzake, Saidi. Alisema kilima kilishuka juu ya watu na Amisi alikuwamo. Nilimhoji. Siku ile yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta chumvi. Hakuona. Aliambiwa. Aliyemwambia hakumjua jina.

Sikutangaza. Habari ya kifo huhitaji watu wawili, na mmoja wao awe ameona kwa macho yake. Hiyo ndiyo sheria yetu redioni tangu mwanzo. Sikuona kwa nini mume wangu awe na sheria nyingine.

Kilio hakikufunguliwa, kwa hiyo hakikufungwa. Wifi yangu Zuhura, dada yake Amisi, alitaka jambo lifanywe. Tukaweka mwiko, sisi wawili, tumeshikana mikono mlangoni: kasiterite na bati lake visiingie katika nyumba hii mpaka Amisi arudi au azikwe. Mwamini alikuwa mdogo. Alikuwa ameshika kitenge changu.

Tuliushika mwiko. Maziwa ya unga niliyahamishia kwenye chupa, kopo likaachwa kwa jirani. Mwamini alipofika umri wa kujibizana aliniambia redio yote imeunganishwa kwa bati, kila waya. Nilimwambia anyamaze ale.

Sasa ni huyo huyo, na kompyuta kubwa ya ng'ambo, na bati limekatazwa mlangoni.

Ijumaa, 11 Julai

Habari haikutoka. Nilimwambia mkurugenzi ina shimo. Aliuliza shimo gani. Nilisema nalitafuta.

Mwamini alipiga jioni. Profesa wake naye ameuliza kuhusu bati. Alimdanganya kwamba bati linashikwa haraka na hewa na kuharibika. Ni kweli linashikwa, alisema, lakini si sababu ya kulikataza. Fuwele nyingi zinazokaribia zile za risasi kwa uzuri zina bati. Profesa alimwambia alifute katika miko waanze upya. Ni neno moja. Anaweza kulifuta huku anakula.

Nilimwambia alifute.

"Sikuliweka mimi."

Nilimwambia sayansi haina miko. Alisema basi nije Kinshasa nilifute kwa kidole changu. Halafu akasema, polepole, kama anayemwamkia mgonjwa: "Nikilifuta, Mama, nani nitakuwa nimemzika?"

Nilikata simu. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 13 Julai

Nimevuka mto kwenda Alunguli kwa Zuhura. Maji yamepungua, mtumbwi uligusa mchanga mara mbili. Nilimkuta anamenya mihogo. Hakuniuliza habari ya safari. Nilimweleza ya Mwamini yote.

Aliendelea kumenya.

"Kwa hiyo mutoto njo amebeba kilio ya baba yake mpaka ndani ya mashine ya Wazungu."

Nilisema ndiyo.

"Wewe kila siku unazika watu wa wengine ku redio. Kaka yangu tu njo alikosa nafasi?"

Nilimjibu nilivyomjibu miaka yote. Shahidi mmoja, naye hakuona.

"Saidi alikufa zamani. Utangoja aone?"

Hapo nilicheka. Yeye pia. Kisha hakucheka tena. Akanikumbusha Papa Kambale, Mnande wa Butembo aliyefungua duka la mabamba ya jua karibu na soko. Huyu alihamia hapa kutoka Lubutu. Wakati wa vita alikuwa kwenye machimbo yale. Zuhura alinipa habari hiyo tangu mfungo ulipoisha. Niliiweka. Nilikuwa na kazi.

"Kazi gani? Ulihoji makomanda, bunduki iko ku meza, mukono wako haukutikisika. Unaogopa mwenye duka?"

Kuuondoa mwiko anaweza, alisema, hata kesho. Lakini tuliapa "arudi au azikwe." Hatuwezi kumzika mtu ambaye mke wake bado anamngoja.

Alinipa mihogo ya kubeba.

Jumanne, 15 Julai

Sikwenda dukani. Kulikuwa na mkutano wa wenye pikipiki, halafu moto mtaa wa Basoko, nyumba mbili, hakuna aliyeumia. Ripoti zote mbili nimezifanya mwenyewe ingawa kijana wa zamu alikuwapo.

Mwamini ameandika: muda wa kompyuta unakwisha tarehe 31. Anajaribu na bismuthi na shaba. Hazitoshi. Hakuandika neno bati. Wala mimi.

Ninaogopa. Niliandike hivyo, maana ni kweli.

Jumatano, 16 Julai

Chanzo: Papa Kambale, mfanyabiashara, mzaliwa wa Butembo. Dukani kwake, mchana, wateja wakiingia na kutoka. Hakukataa kinasa. Ni mimi sikukiwasha.

Sikumtajia jina la Amisi. Sikusema namtafuta nani. Nilimwomba anieleze machimbo yale wakati ule. Hii ndiyo njia ya kazi: shahidi asipewe jibu mkononi.

Hakuwa mchimbaji. Alikuwa anawauzia chumvi, sabuni na betri za tochi, yeye huziita mapile, anarudi na mawe. Wachimbaji walifunga tochi kichwani kwa mpira wa baiskeli. Betri zilikuwa ghali kuliko chakula. Zikichoka, walizitoa wakazianika juani juu ya jiwe kubwa, zikarudisha nguvu kidogo, wakaingia tena na zile nyingine.

"Nilikuwa nawagombeza, Mama. Mapile mumeshaua, munayafufua tena ku jua, miye nitakula nini?"

Alicheka peke yake.

Nilimuuliza walikuwa watu gani. Alitaja wa Lubutu, wa Punia, wanafunzi, walimu wawili. "Na moja wa reli. Tulimuita Shefu wa Gare. Alikuwa anavaa kofia ya kazi hata ndani ya shimo. Yeye mapile yake hakutupa ovyo kama wengine. Alizisimamisha mustari moja, moja nyuma ya ingine, sawa behewa. Na kila saa anatoka, anazigeuza."

Nilishika ukingo wa meza yake. Meza ya kioo, chini yake tochi zimepangwa.

Nilimuuliza ilikuwaje mwisho wake. Alisema asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, kilima kilishuka. Aliona kwa macho. Alikuwa amesimama hapo na mzigo wa sabuni. Haikuwa na kelele nyingi, alisema. Kama mtu anayemwaga mchele. Shefu wa Gare alikuwa ameingia muda si mrefu, aliiona kofia yake ikipotea. Hakuna aliyetoka. Wenye bunduki hawakuruhusu kufukua. Kesho yake waliwapeleka watu shimo lingine.

Nilimuuliza kuhusu betri.

"Zilibaki ku jiwe, mustari yake vile vile. Mpaka jua likaanguka." Akafuta meza kwa kitambaa, mahali palipokuwa safi. "Nilizichukua, Mama. Nilizitia ku tochi yangu. Ziliwaka kidogo, kisha basi."

Nilimshukuru. Aliniangalia mara ya kwanza vizuri.

"Alikuwa wako?"

Nilisema ndiyo.

Alisimama. Alizima redio ya duka. Mteja aliingia akauliza bei ya bamba, akatuona, akatoka.

Alhamisi, 17 Julai

Jana sikuandika hili. Nyumbani, kabla ya vita, Amisi alizianika betri za redio yetu dirishani. Akizisimamisha mstari. Mwamini akiziita treni ya jua. Amisi alimwambia ikipata jua la kutosha itafika Kalemie, mwisho wa reli.

Sijawahi kumsimulia mtu yeyote. Si Saidi, si Zuhura. Kambale hakuweza kulipata popote isipokuwa kwa macho yake.

Imethibitishwa.

Nimesoma komunike za mchana. Nimerudi nyumbani. Sikuweza kula.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikwenda kwa sheikh baada ya sala. Nilimwambia shahidi amepatikana, aliyeona. Nilimuuliza kuhusu eda. Nilikuwa nimejiandaa: miezi minne na siku kumi, nguo zipi, kazi nitamwachia nani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole. Akasema eda ya mjane huhesabiwa tangu mume alipokufa, si tangu mke aliposikia.

"Yako ilikwisha, Mama Mwamini. Zamani sana."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kwa hiyo nilikaa eda bila kujua. Nikiwa sokoni, nikiwa studio, nikiwa nimeacha sahani yake kabatini. Ikaanza ikaisha, na mimi namngoja mtu. Sasa sina hata siku moja niliyobakiziwa.

Njiani nililia. Mwenye pikipiki mmoja aliniuliza kama nimeanguka. Nilisema hapana.

Jumapili, 20 Julai

Nimempigia Mwamini. Nilimsomea maelezo ya Kambale jinsi nilivyoyaandika, kwa mpangilio, bila kuongeza. Nilipofika kwenye betri alisema "Mama, simama." Nikasimama. Nilimsikia anapumua.

Aliuliza zilikuwa ngapi. Kambale hakusema, na mimi sikuuliza. Amekasirika nami kwa hilo. Ana haki. Ni swali ambalo ningemgombeza ripota mpya kwa kulisahau.

Baadaye alisema, "Alikuwa anazigeuza ili upande wa pili nao upate."

Nilisema ndiyo, ndivyo alivyofanya nyumbani.

"Nilidhani nimeota treni ile."

Nilimwambia hakuota.

Hakuuliza kuhusu bati. Nilimwambia hitima itasomwa Jumamosi ijayo kwa Zuhura. Nauli ya ndege hana na muda hana. Atasikiliza kwa simu.

Jumanne, 22 Julai

Komunike za mchana. Vifo vitatu. Nilikiweka cha kwetu katikati, jinsi kilivyoangukia kwa mpangilio wa kupokelewa. Mkurugenzi alitaka mwingine asome. Nilimwambia hakuna sababu.

Maandishi yalikuwa haya: Familia ya Amisi, aliyekuwa mfanyakazi wa reli hapa Kindu, inawatangazia ndugu na marafiki kifo chake kilichotokea wakati wa vita, katika machimbo ya njia ya Lubutu. Hitima Jumamosi, Alunguli, kwa dada yake Zuhura, baada ya sala ya adhuhuri. Wote waliofanya kazi naye gare wanakaribishwa.

Niliyasoma mara mbili kama desturi. Sikukosea neno.

Nilipotoka studio fundi mitambo alikuwa amesimama koridoni na kofia mkononi. Nilimpa karatasi ya tangazo la maji.

Jumamosi, 26 Julai

Watu walikuja kuliko tulivyopika. Wazee watano wa gare, mmoja kwa fimbo. Papa Kambale alikuja na mfuko wa mchele, akakaa nyuma na Wakristo wenzake, akafunua mikono kila tulipofunua. Simu ya Mwamini ilikuwa juu ya mkeka, kando ya chetezo. Sheikh aliiangalia, akaiacha.

Baada ya chakula Zuhura alinichukua nyuma ya nyumba. Alikuwa amepata jiwe la kasiterite kwa mnunuzi wa mawe, dogo, jeusi, kama punje kubwa ya haragwe. Tulilishika pamoja, mkono wangu chini, wake juu. Mwanamke jirani alimwaga maji ya mto. Zuhura akasema, "Kaka, tulikufungia mlango ya mawe yaliyokula wewe. Tumekuzika leo. Tunafungua. Mutoto afanye kazi yake." Kisha akaniambia nisitikise mkono hivyo, maji yanamwagika pembeni.

Jiwe ni zito. Sikuwahi kulishika. Ni zito kuliko linavyoonekana.

Nimevuka nalo mto na kuliingiza nyumbani. Lipo dirishani.

Mwamini amesema programu iko tayari. Neno bado hajalifuta. Anataka tuwe wote kwenye simu. Siku zilizobaki huenda hazitoshi, huenda zikatosha. Profesa hajui, na yeye hajui. Hata fuwele ikipatikana, ni makadirio tu mpaka ipikwe.

Sahani ya Amisi nimeiosha na kuiweka pamoja na nyingine.

Jumatatu tarehe 28, saa mbili asubuhi, kabla sijaenda redioni, Mwamini atapiga simu, atalifuta neno, na hesabu itaanza na bati likiwamo.